Mimi Sikuona Chozi

Muyeye, Malindi
7 Februari 2025

Ndugu yangu Nyale,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo nyumbani Mihirini, wakubwa kwa wadogo. Huku kwa binti yangu Linet tuko salama. Linet ameongezewa darasa jingine pale chekechea anapofundisha, anarudi jioni sauti imemkauka. Mimi naendelea na huu ugonjwa wangu wa Parkinson, mwaka wa saba sasa.

Utashangaa kupata barua enzi hizi za simu. Mwezi uliopita nilikupigia mara nne. Kila mara ulisema "Haloo, haloo, nani huyo?" ukakata. Nilikuwa mimi. Sauti yangu imekwisha, haivuki meza. Meseji nazo siziwezi, kidole kinagonga herufi tano kwa pamoja. Kwa hivyo nitaandika, asubuhi, ile saa moja na nusu dawa inaponishika vizuri, na jirani yenu Kahonzi atakuletea akirudi kutoka kuuza mihogo sokoni. Nijibu kwa mkono wake huyo huyo.

Sasa nisikilize. Kahonzi amemwambia Linet kwamba mlikaa kikao hapo nyumbani, kikiongozwa na Karisa, mtoto wa marehemu kaka yetu Kambi, na kikao kikaamua kwamba mimi ndiye niliyemmaliza Kambi kwa uchawi. Ushahidi wenu nini? Ati siku ya mazishi sikulia. Ati nilisimama pale kaburini nimekauka, macho hayapepesi, namtazama maiti kama fundi anayekagua kazi yake.

Nyale, nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na moja na sijapata kuona hesabu iliyokosewa namna hiyo. Kambi aliuawa na presha, na daktari aliandika. Kambi ndiye aliyenikatia kiwanja kando ya barabara nijenge nilipofiwa na mume. Kambi ndiye aliyekuwa akinifunga viatu mikono yangu ilipoanza kukataa kazi. Nimuue kwa lipi?

Nyinyi mlisema mtazika saa nne asubuhi, mkazika saa tisa. Dawa yangu hufanya kazi saa mbili na nusu tu. Ikiisha naganda, mwili na uso. Hata nicheke, hata nilie, uso haupati habari. Lakini machozi yalitoka. Na wewe unajua yalitoka, kwa sababu mkono wangu ulishindwa kuinuka, na wewe ndiye uliyenipangusa kwa ncha ya leso yangu mwenyewe.

Kahonzi amesema ulikuwepo kikaoni, ulikaa karibu na mlango. Nataka jibu moja tu. Walipokuuliza wewe, ulisema nini?

Dadako,
Kache


Mihirini
2 Machi 2025

Dada Kache,

Shikamoo. Barua yako imenifikia na nimefurahi kuuona mwandiko wako, ni ule ule wa ubaoni. Sisi hatujambo. Mvua bado, lakini mawingu yanakuja upande wa Vitengeni. Mwaka huu nimeweka kibarua anipandie mahindi, mgongo unanisumbua kidogo. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, majike wote wawili, na maziwa yanatosha hata ya kumpa Kanze, mjane wa kaka. Kanze anakusalimu sana. Bado anavaa kaniki na hajatoka kwenda popote.

Kuhusu lile jambo, dada, usilichukue kwa hasira. Karisa ni mtoto aliyefiwa na baba, na mtu aliyefiwa husema mengi. Wazee wametafuta njia ya amani. Wameamua uje ule kiraho cha papayu, Jumamosi tarehe 17 Mei. Unajua mambo yake tangu enzi za babu. Mzee wa kiraho atalisomea papai, utakula kipande mbele ya watu, na ukimeza vizuri umetakasika na hakuna atakayekutaja tena. Mwenye jambo ndiye papai humkwama kooni. Wewe huna jambo, basi una wasiwasi gani? Karisa amesema mwenyewe kwamba ukimeza atakuamkia mbele ya wote.

Nakusihi uje. Usipokuja watasema umekimbia. Hayo mengine tutazungumza tukionana.

Nduguyo mdogo,
Nyale


Muyeye
18 Machi 2025

Nyale,

Msalimie Kanze, na umsalimie mbuzi. Nasema mbuzi kwa sababu katika barua yako yeye amepata mistari miwili na swali langu halikupata hata nukta.

Papai. Nimeisoma mara tatu nikidhani macho yangu nayo yameanza ugonjwa. Hebu nikueleze vile ninavyokula siku hizi, maana wewe mara ya mwisho kukaa nami mezani ni kabla ya msiba. Chai inanipalia. Maji yananipalia. Linet ananipondea wali kama wa mtoto wa miezi sita. Mate yangu mwenyewe yananipalia nikiwa nimekaa sina neno na mtu. Huu ugonjwa unashika mikono, unashika miguu, unashika na koo. Na ni mimi mnayetaka kunisimamisha juani, dawa imeisha, watu mia wananikodolea macho, mnipe papai nimeze. Nitapaliwa, Nyale. Nitapaliwa mbele yenu na mtasema haki imeonekana. Na hao vijana wa Karisa hawatakuwa wamekuja mikono mitupu. Wewe unajua ni wazee wangapi wa Kilifi hii wamezikwa kwa sababu ya mvi zao. Hiyo ndiyo njia yenu ya amani.

Usinijibu kwamba nadharau mila. Baba alikula kiraho ile mara ng'ombe wa mzee Thoya walipopotea, akatoka safi, na nilitembea kijijini kichwa juu mwezi mzima. Lakini baba alikuwa na koo zima. Mtu mzima na mgonjwa hawapimwi kwa kipimo kimoja, hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo.

Tena hiyo tarehe 17 siwezi. Tarehe 13 Mei nafanyiwa upasuaji wa ubongo Nairobi. Soma taratibu usije ukaenda kuyasema mengine. Daktari wangu ni Krupali, mzaliwa wa Malindi hapa, binti wa Suresh aliyekuwa akituuzia vitambaa vya sare za shule. Anasema kuna mahali padogo sana ndani ya ubongo panapotoa amri vibaya, ndiyo maana mkono unatetemeka na miguu inakwama. Watatoboa tundu mbili katika fuvu, wapitishe nyaya mbili nyembamba mpaka hapo, na wazivute chini ya ngozi hadi kwenye betri ndogo watakayoitia hapa chini ya mtulinga. Betri inatuma umeme mdogo mchana na usiku, zile amri mbovu zinatulia. Mradi wa madaktari umeleta mashine, mimi nimepita mitihani yao yote, hata wa kumbukumbu. Nilipata ishirini na tisa kwa thelathini. Daktari hakunificha. Ugonjwa hautaisha, sauti huenda isirudi, na kuna hatari ya damu kuvuja kichwani, si kubwa lakini ipo. Nimesema sawa. Bora nife juu ya meza ya mtu anayejaribu kunitibu.

Sasa narudia. Ulisema nini siku ile?

Kache


Mihirini
24 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Mvua imenyesha, mahindi yametoka. Kanze hajambo.

Nimewaeleza wazee habari za upasuaji. Karisa alicheka. Amesema mtu haendi kutobolewa kichwa ila akiwa na kitu kichwani anachotaka kitolewe kwa siri. Wengine walicheka pia. Mzee wa kiraho amesema tarehe haibadiliki.

Karisa ameshusha matofali yake mbele ya mlango wako. Anasema anataka kujenga duka hapo. Na kuna mtu ameandika "mutsai" kwa mkaa kwenye ukuta wako. Nimefuta kwa maji lakini neno mchawi bado linasomeka. Vyombo vyako nimevihamishia kwangu, pamoja na redio.

Dada, njoo tu umeze. Au usije kabisa. Mimi sijui nikwambie nini. Nisamehe barua fupi, siku hizi kalamu inanichosha.

Nyale


Muyeye
8 Juni 2025

Ndugu yangu Nyale,

Salamu, na ahsante kwa vyombo. Redio usiiguse betri zake, zina kutu.

Mimi ni hai. Linet anaendelea vizuri, isipokuwa amekonda kwa kuniwaza. Natumai Kanze ameanza kutoka nje. Mwambie nimemuulizia.

Nataka uijue kazi niliyofanyiwa, kwa sababu wewe ndiye utakayeulizwa. Usiku wa kuamkia siku ile walininyima dawa. Asubuhi nilikuwa nimekakamaa kitandani kama ubao, natetemeka mpaka kitanda kinalia. Muuguzi akaninyoa nywele zote. Wakanifunga chuma kichwani kwa skrubu ili nisisogee hata kidogo. Ganzi ilikuwepo, lakini usingizi hapana. Walinitaka macho, niwe nikiwajibu. Nilisikia keekee inatoboa, mlio kama wa fundi wa chumba cha pili, ila hicho chumba cha pili kilikuwa kichwa changu.

Krupali akaketi mbele yangu. Akasema, "Mwalimu, nisomee jedwali la saba." Nikaanza kwa hiki kisauti changu, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, mkono wa kulia unapiga meza hauna adabu. Nilipofika saba mara sita mkono ukasimama. Nikanyamaza. Akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia nautazama mkono wangu. Ulikuwa umekaa pale mezani umetulia, Nyale, mkono wa mwalimu. Nikafumba ngumi, nikafumbua. Nililia, na kila mtu katika chumba kile aliona kwamba nalia.

Walizima mashine, wakaja kuiwasha rasmi tarehe 30 kwa kidude kama rimoti. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito na vidole vikawasha, wakapunguza. Kila baada ya majuma kadhaa nitarudi kurekebishwa. Vidonge bado nameza, ila nusu ya vile vya zamani. Jana nimetembea mwenyewe mpaka dukani kununua chumvi. Juzi fundi bomba alimdanganya Linet nami nikamkasirikia, Linet akaniita, "Mama, umekunja uso." Miaka mingapi hasira zangu zilikuwa hazionekani. Sasa zinaonekana.

Na zipo. Nimeambiwa Jumamosi ile mlikusanyika kunisubiri na hilo papai. Ulikuwepo pia, au ulikaa karibu na mlango?

Swali langu linatimiza miezi minne.

Dadako,
Kache


Mihirini
29 Juni 2025

Dada yangu mpenzi Kache,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa. Mungu mkubwa. Kanze ametoka, amekwenda kisimani mwenyewe, na niliposoma ile sehemu ya mkono aliomba nirudie.

Nina habari njema. Jumamosi ile ya Mei hukuja, papai likaoza juu ya meza na watu wakaondoka wamenuna. Lakini juzi Kahonzi aliporudi alisema amekukuta nyumbani kwa Linet, leso imekuteleza, akaona kichwa chako kimenyolewa chote. Na kwamba ulimkaribisha chai kwa mikono yako isiyotetemeka. Wazee wakatazamana. Unakumbuka siku ya kunyoa, baada ya matanga, wewe hukunyolewa, Linet alikuwa ameshakuchukua umezidiwa. Sasa wamesema: Kache amejinyoa. Amemwomboleza kaka yake, ingawa amechelewa, na marehemu ameridhika, akauachilia mkono wake. Hata mzee wa kiraho amekubali. Karisa ameondoa matofali.

Wamekusamehe, dada. Jumamosi tarehe 16 Agosti wanakufanyia karamu ya kukupokea. Mbuzi ameshatengwa. Hutakula papai, hutaulizwa kitu. Utakaa tu, mzee mmoja atasema umerudi na umesamehewa, na tutakula. Yote yamekwisha bila maneno. Njoo.

Nduguyo,
Nyale


Muyeye
13 Julai 2025

Nyale,

Salamu kwa Kanze peke yake.

Nisamehewe nini? Nieleze. Mtu husamehewa alilotenda. Nikikaa kwenye mkeka wenu, nikapewa nyama ya mbuzi wenu, mzee akasimama kusema nimesamehewa na mimi nikatafuna, nitakuwa nimekiri kwamba nilimuua Kambi. Watoto wa Linet watakuwa wajukuu wa mchawi aliyetubu. Na siku yoyote mtoto wa Karisa akiharisha, mtasema Kache amerudia. Yeye Karisa ataleta tena matofali.

Nywele zangu zilinyolewa kwa wembe wa hospitali ili wapate pa kukata. Zimeshaanza kuota, nyeupe, fupi, zinachoma mto. Mkono wangu umetulizwa na waya, na jina la aliyeutia nalijua, na kabla ya kuutia alisoma miaka kumi na tano. Mnamnyang'anya Krupali kazi yake mnampa mzee wa kiraho, ambaye angenipa papai nife. Mmenihukumu kwa uso ulioganda, mnaniachilia kwa kichwa kilichonyolewa. Hamkuniuliza hapo, hamkuniuliza hapa. Sitakuja. Mleni mbuzi wenu.

Sasa wewe. Jana nilizipanga barua zako tatu mezani kwa sababu nilitaka kuzichana. Ya Machi, herufi zako zimesimama juu ya mstari. Ya Aprili zimepungua. Hii ya Juni, neno la kwanza la kila mstari lasomeka na la mwisho limekuwa dogo mpaka nimeazima miwani ya jirani. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Huo si mwandiko wa mtu mwenye haraka, wala wa mtu aliyechoka. Mwandiko huo naujua, ni wangu wa mwaka 2018, kabla sijamwona daktari hata mmoja.

Umeweka kibarua wa kupanda, wewe ambaye hujawahi kumwachia mtu jembe lako. Kalamu inakuchosha. Kahonzi nimemuuliza, amesema siku hizi unatembea mkono mmoja mfukoni.

Ulianza lini, Nyale? Na sasa nadhani najua ulisema nini kikaoni, lakini nataka uliseme wewe, kwa mwandiko huo huo mdogo. Mficha maradhi, unaujua mwisho wake.

Kache


Mihirini
19 Agosti 2025

Dada Kache,

Shikamoo. Kanze anakusalimu. Yuko hapa kwangu, nitakueleza kwa nini.

Barua yako niliificha chini ya godoro wiki nne. Nilikuwa naitoa, naisoma, naificha.

Ulianza mwaka jana mwezi wa Septemba. Kidole gumba cha kulia kinasugua cha shahada, chenyewe, hata nikilala. Kambi alikiona. Akaniambia nenda ukamwone daktari wa Kache. Nikamwambia nitakwenda, halafu akafa.

Siku ya kikao nilikaa karibu na mlango, mkono mfukoni, nimeubana kwa paja usionekane. Karisa akasema watu wote wamekuona hukulia. Mzee mmoja akasema, "Nyale alisimama karibu naye, aulizwe Nyale." Wote wakanigeukia. Nikahisi mkono unaruka mfukoni, nikadhani wameuona. Nikasema, "Mimi sikuona chozi." Basi. Maneno matatu hayo. Leso yako ilikuwa imenilowesha vidole na bado nikayasema. Walipoacha kunitazama nilifurahi, dada. Hilo ndilo linaloniua. Nilifurahi kwamba ni wewe.

Jumamosi walikusanyika kwa karamu wakijua utakuja, maana sikuwaambia umekataa. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Karisa akaniuliza uko wapi. Nikasimama. Nikasema Kache haji, kwa sababu hana la kusamehewa. Nikasema machozi yake niliyapangusa mimi kwa mkono huu, nikautoa mfukoni nikauonyesha unavyotetemeka. Nikasema niliwadanganya kwa sababu niliogopa nisije nikatajwa mchawi wa pili.

Ndipo Kanze akanyanyuka kule kwa wanawake, akapita katikati ya wanaume na kaniki yake, akasema yeye pia aliyaona machozi ya Kache, na alinyamaza kwa ajili ya mwanawe. Karisa akamwambia mama, kaa chini. Hakukaa. Alikuja akasimama upande wangu, na usiku huo alihama na mkeka wake.

Watu wengine waliondoka bila kula. Lakini si wote, dada. Karisa alisema sasa mambo yameeleweka, walikuwa wawili. Wamenipa tarehe yangu. Jumamosi tarehe 6 Septemba nile papai. Maji hayanipalii bado, ila tangu Jumapili kila ninachotia kinywani nakihisi kimekaa kooni, na sijui ni ugonjwa au ni woga.

Sikuombi unisamehe. Nimekujibu swali.

Nyale


Muyeye
28 Agosti 2025

Nyale,

Salamu kwako na kwa Kanze. Mwambie akae hapo hapo.

Sijakusamehe. Uliniuza kwa maneno matatu, na ukanikalia kimya miezi sita huku ukiniandikia habari za mbuzi. Nimelia tangu Kahonzi alipoileta barua yako, na nusu ya kulia huko ni kwa hasira. Hayo ni yetu sisi wawili na tutayamaliza sisi wawili, mtu mwingine asiyatie mkono.

Leo asubuhi nimekwenda kituo cha polisi na Linet. Nimeandikisha taarifa. Jina la Karisa limo, la mzee wa kiraho limo, tarehe imo, na nimemsomesha yule askari aliyekuwa akiandika mpaka akayaandika yote sawasawa. Ameahidi watu wawili siku hiyo. Nikiwaona nitaamini, lakini hata wasipokuja mimi nitakuja.

Nitafika Ijumaa tarehe 5 na Linet. Tutalala nyumbani kwangu, ule mlango uusafishe. Jumamosi utakaa kushoto kwangu na Kanze kulia kwangu, na watakaotaka kutupima watatupima tukiwa watatu, wakituangalia mikono yetu yote sita. Jumatatu tunapanda basi kwenda kwa Krupali, mimi nikarekebishwe, wewe ukaanze. Amesema ugonjwa wako ndio kwanza unaanza, kwa sasa ni vidonge tu, na amekasirika kwamba umekawia. Nimemwambia apange mstari nyuma yangu.

Woga wa koo ni woga. Kunywa uji, kaa wima ukimeza. Lakini wasikutangulie. Wakija na papai kabla sijafika, usilishike. Ningoje.

Dadako,
Kache